Keki Iliyozama Kitale



Ama baada ya kumshukuru Mola na kumsalia Mtume wetu (S.A.W.), naomba radhi kwa wasomaji waliozoea kuikuta safu hii ikizungumzia mirathi, eda na haki za jirani. Leo nimekuja na keki. Wala si keki ya mithali. Ni keki ya unga na mayai, nyekundu ndani kama komamanga na nyeupe juu kama kanzu ya Ijumaa. Mabinti zetu waiita redi velveti. Mimi, kwa ukaidi wa mtu aliyesomeshwa chuoni kwa ubao na wino wa masizi, nimeamua kuiita keki ya mahameli, kwa kuwa mahameli ndilo jina letu la kitambaa hicho tangu zama za majoho.

Mwezi uliopita nilisafiri kutoka Mombasa hadi Kitale kumzuru mpwa wangu, binti wa dada yangu. Aliolewa Bungoma katika nyumba ya Waislamu wa Kibukusu, watu wema na wakarimu. Mumewe alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, akamwachia watoto watatu. Alipomaliza eda alikaa kwa mkwewe muda wa mwaka mmoja, kisha akahamia Kitale alikopata nyumba ya kodi nafuu na mji wenye wateja, akaanza kuoka keki na kuuza kwa kuagizwa kwa simu. Kipimo alichokitegemea ni cha mamake, yaani dada yangu, ambaye keki zake hapa Majengo hazijapata kulaumiwa na mtu.

Kabla ya safari hiyo alinipigia simu akaniambia, "Mjomba, mimi keki zanizama. Zapanda vizuri, kisha katikati zaanguka shimo." Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu kwamba keki ni keki popote, afuate kipimo cha mamake wala asiongeze la kwake, kwa kuwa wapishi wa siku hizi hupenda kujifanya mafundi. Ushauri huo niliutoa nikiwa nimeketi barazani mita chache juu ya bahari, na ulimgharimu keki tatu zaidi, pamoja na mteja mmoja aliyerudishiwa pesa zake. Nilipofika Kitale nilikuta jambo limekuwa zito. Alikuwa ameagizwa keki ya ghorofa mbili kwa ajili ya nikaha Bungoma, amelipwa nusu ya bei, na ile nusu ilikwisha kwenda shuleni kulipia karo ya mwanawe mkubwa. Zilibaki siku tisa.

Siku ya pili ya ugeni wangu alioka mbele yangu. Nilimtazama kwa makini kama nimtazamavyo mwanafunzi akisoma Fatiha, nikitafuta kosa. Sikuliona. Alichekecha, akapima, akachanganya taratibu. Keki ikapanda hadi ukingoni mwa chombo, ikatuvimbia kwa majivuno, na baada ya dakika kumi hivi ikashuka katikati kama godoro la zamani. Mtoto wake mdogo akasema, "Imesujudu tena," na mamake akamkanya asifanyie masihara ibada, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeshacheka.

Jawabu lilitoka kwenye sufuria ya maharagwe. Nililalamika kwamba maharagwe ya Kitale yanachelewa kuiva, na jirani yake, mwalimu mstaafu wa sayansi aliyekuja kunisalimu, akasema kwamba si maharagwe yanayochelewa, ni maji yasiyokuwa na moto wa kutosha. Mombasa maji huchemka yafikapo digrii 100. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yafikapo digrii 94 hivi. Ukiongeza kuni yatatokota zaidi lakini hayatakuwa ya moto zaidi. Bungoma iko chini kidogo, kama mita 1,400, na huko maji huchemka kwenye digrii 95 na ushei. Hapo mpwa wangu akashika kinywa. Alikumbuka kwamba alipokuwa Bungoma kwa mkwewe keki zake zilikuwa zikitia kishimo kidogo, kama kitovu, akawa akikifunika kwa krimu bila ya kukifikiria. Alipopanda Kitale kitovu kikawa shimo.

Nieleze kwa ufupi nilivyofahamu, na walio na elimu hii watanisahihisha. Hewa ina uzito. Sisi wa pwani tuko chini kabisa, na hewa yote iliyo juu yetu hutukandamiza. Nayo huukandamiza unga uliomo katika chombo cha keki. Soda ya kuokea ikutanapo na kitu kichachu hutoa viputo vya gesi, na viputo hivyo ndivyo viinuavyo keki. Ukipanda mlima hewa inakuwa nyepesi, kwa hivyo kiasi kile kile cha soda huvifanya viputo vitanuke kupita kiasi. Keki hupanda haraka kabla ya mayai na unga kushikana, kuta za viputo hupasuka, na jengo lote huporomoka. Isitoshe, maji hukauka upesi, sukari ikabaki nyingi kuliko majimaji yaliyopo, na sukari nyingi hulegeza keki. Basi dada yangu hakukosea kipimo, wala binti yake hakukosea mkono. Aliyekosea ni mjomba, aliyedhani kwamba Mombasa ndiyo mizani ya dunia.

Sasa niwape kipimo chenyewe, kwa kuwa najua wapo wasomaji watakaoruka maneno yangu yote wafike hapa. Kwa pwani, chukua vikombe 2 na nusu vya unga wa ngano wa kawaida. Nasema wa kawaida kwa sababu upo unga unaouzwa ukiwa umekwisha kutiwa cha kuumulia, na huo ukiuongezea soda umejitafutia balaa. Utie sukari kikombe 1 na nusu, kakao vijiko vikubwa 2, soda ya kuokea kijiko kimoja cha chai, na chumvi nusu kijiko cha chai. Upande wa majimaji weka mafuta ya kupikia yasiyo na harufu kikombe 1, maziwa ya mtindi, au mala kama waitavyo bara, kikombe 1, mayai 2, siki kijiko kimoja cha chai, vanila kijiko kimoja cha chai, na rangi nyekundu, ambayo nitaizungumzia kwa urefu. Oveni iwe digrii 180, na keki ikae kama dakika 30.

Kwa Kitale tulijaribu mara tatu kabla ya kuridhika. Soda tuliipunguza ikawa robo tatu ya kijiko cha chai. Sukari tuliitoa vijiko vikubwa 2, unga tukauongeza vijiko vikubwa 2, na mala tukaiongeza vijiko vikubwa 3. Mayai ya kienyeji yalikuwa madogo, tukatia 3. Oveni tuliipandisha hadi digrii 190 ili keki ishikane upesi kabla viputo havijafanya fujo, na tukaanza kuitazama baada ya dakika 25 kwa kuichoma na kijiti. Kijiti kikitoka kikavu, iepue. Jaribio la kwanza lilizama kidogo kwa kuwa tuliihurumia soda. La pili lilikauka, tulilisahau tukienda kumpokea mtoto. La tatu lilitoka sawasawa kama meza, na mwalimu jirani alipewa kipande cha kwanza.

Kwa Bungoma shika katikati: soda iwe pungufu kidogo ya kijiko kamili, unga uongeze kijiko kikubwa kimoja, sukari uitoe kimoja, mala uiongeze vijiko 2. Kila oveni ina tabia yake, kwa hivyo andika daftarini ulichokifanya, hata kama ni mara ya kwanza.

Namna ya kuchanganya ni nyepesi. Chekecha vikavu vyote pamoja mara mbili. Piga mayai na mafuta, tia mala, vanila na rangi, kisha mimina katika vikavu na uchanganye mpaka unga usionekane. Usiendelee kupiga, kwani unga ukipigwa sana keki huwa ngumu kama mkate wa juzi. Siki iwe ya mwisho. Ikishaingia, viputo huanza kazi hapo hapo na havisubiri mtu, basi chombo kiwe kimepakwa mafuta na oveni iwe imeshika moto. Mpwa wangu alikuwa na desturi ya kuchanganya, kisha kuadhiniwa, akaenda kusali na kurudi. Nilimwambia asali kwanza, ndipo achanganye. Sala yenye moyo jikoni haina raha, na keki iliyosubiri rakaa nne haina pumzi.

Siki, kwa mnasaba huo, si ngeni kwetu. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa kitoweo chema. Na mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafi'i husema kwamba mvinyo ukigeuka wenyewe kuwa siki, bila ya kutiwa kitu, umetwaharika. Sikutaraji kuikumbuka mlango huo wa fiqhi mbele ya oveni ya gesi mjini Kitale, lakini elimu haijui mahali.

Watu huniuliza kwa nini keki hii iwe nyekundu hata kidogo. Asili yake ni Marekani. Katika karne ya 19 wapishi wa huko walikuwa na keki walizoziita za mahameli kwa ulaini wake, na baadaye wakatia kakao. Kakao ya asili, isiyotiwa dawa ya kuiondolea uchachu, ina rangi ndani yake ambayo ikikutana na mtindi na siki hupiga wekundu wa kahawia, mfano wa udongo. Huo ndio wekundu wa mwanzo, na ni hafifu. Baadaye kampuni moja ya Texas, jina lake Adams, iliyouza vanila na rangi za chakula, ikaitangaza keki hii pamoja na chupa zake za rangi, na tangu hapo wekundu ukawa wa chupa. Husimuliwa pia kwamba bibi mmoja aliila katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York, akaomba kipimo, kisha akatozwa dola 100. Kisa hiki kina wapokezi wengi na sanadi yake ni dhaifu. Nakitaja ili mkikisikia mjue daraja yake.

Angalizo dogo kuhusu kakao: ile nyeusi sana, iliyotiwa alkali kwa njia ya Kiholanzi, imekwisha kuondolewa uchachu na wekundu. Ukiitumia, hata rangi ya chupa itazama ndani yake. Tafuta kakao ya kahawia nyepesi.

Tumefika kwenye chupa, na hapa ndipo safari yangu ilipogeuka.

Nina ada ya kusoma vibandiko. Mke wangu husema ni uchunguzi, mimi husema ni wara'a, na ukweli uko baina yetu. Mpwa wangu alipoitoa chupa ya rangi niliigeuza, nikasoma maandishi madogo ya nyuma, na humo mlikuwa na E120. Rangi hiyo ndiyo karmini. Hutolewa kwa wadudu wadogo waishio juu ya mpungate, nchi inayoizalisha kwa wingi ikiwa ni Peru. Wadudu hukaushwa wakasagwa, ikapatikana rangi nyekundu nzuri isiyochujuka kwa moto. Wadudu wa jamaa hiyo wako hata kwetu, kwani waliletwa Laikipia ili wale mpungate uliovamia malisho ya mifugo, ingawa hao si wale wa kutengenezea rangi.

Chupa ile aliletewa na rafiki kutoka ng'ambo, akaipenda kwa sababu tone dogo latosha. Hakujua. Alikuwa ameshaitumia kwa miezi minne.

Hukumu yake niliieleza kama ninavyoijua. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, kama ilivyo kwa ndugu zetu Mahanafi ambao Kitale wapo, wadudu hawaliwi. Wamaliki wana wepesi zaidi katika mlango huu. Katika zama hizi maulamaa wametofautiana kuhusu rangi hii hasa. Baraza la Maulamaa la Indonesia, nchi ambayo wengi wake ni Mashafi'i kama sisi, lilitoa fatwa ya kuiruhusu mwaka 2011, na wengine wameizuia. Mimi naona kuiacha ni salama, kwa kuwa badala yake ipo tele, na jambo lililo baina ya halali iliyo wazi na haramu iliyo wazi, tumefundishwa kujiepusha nalo. Ama aliyekula au aliyelisha bila ya kujua, hana dhambi.

Badala yake ni hizi. Rangi za kutengenezwa kiwandani, kama E129 na E124, asili yake si mnyama wala mdudu. Soma tu imechanganywa na kitu gani. Ikiwa ni ya maji utahitaji kama vijiko vikubwa 2, na ikiwa ni nzito ya kuganda kijiko kimoja cha chai chatosha. Anayeogopa rangi za viwandani achukue bitiruti mbichi, aikune, akamue robo kikombe ya maji yake, ayatie siki kidogo na kupunguza mala kwa kiasi hicho hicho. Tulijaribu. Ndani ya unga ilikuwa nyekundu ya kupendeza, na ilipotoka motoni ilikuwa rangi ya tofali, maana rangi ya bitiruti huogopa moto, na uchachu ndio unaoihifadhi kidogo. Watoto waliila yote. Mteja wa harusi, hata hivyo, hakuagiza tofali.

Vanila nayo isomwe. Ile ya asili kabisa hukamuliwa kwa kileo; sheria ya Marekani yenyewe yataka isipungue asilimia 35. Zipo za kutengenezwa zisizo na kileo, na ipo ya unga. Kuna maulamaa wanaosamehe kiasi kidogo kinachopotea katika chakula, lakini kwa nini mtu ajitie katika mjadala kwa kijiko kimoja cha chai?

Sasa lile lililotunyima usingizi. Daftari la mpwa wangu lilionyesha kwamba chupa ile imeingia katika keki 14, zilizokwenda katika nyumba tisa, zote za Waislamu ila mbili. Akaniuliza, "Mjomba, niwaambie?"

Nitasema kweli, kwa kuwa nimeandika safu hii miaka mingi nikiwahimiza wengine kusema kweli. Nafsi yangu ilitamani kumwambia anyamaze. Keki zimekwisha kuliwa. Hakujua. Maulamaa wametofautiana. Yeye ni mjane mwenye watoto watatu, na biashara ya chakula hufa kwa neno moja. Nilikuwa na hoja nne, na zote zilikuwa nzuri. Kisha nikakumbuka kisa tunachowasomesha watoto, cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, vidole vikagusa umajimaji, mwenye mali akasema ni mvua iliyoipata, akamuuliza mbona hakuuweka umajimaji juu watu wauone. Nikajiambia kwamba chungu ile ilikuwa bado sokoni na keki hizi zimo matumboni, kwa hivyo si sawa. Nikawa ninapima hivi na hivi kama kadhi asiye na ushahidi.

Mpwa wangu hakunisubiri. Alisema, "Ingekuwa ni mimi nimelishwa, ningetaka kuambiwa." Akachukua simu baada ya sala ya Isha.

Nilikaa chumba cha pili, nikimsikia. Wengi walimjibu kwa wema. Mama mmoja alicheka, akasema wadudu aliowala katika mchicha ni wengi zaidi. Familia moja ilitaka pesa ya keki ya akika, naye akakubali kuilipa kwa mafungu mawili. Amekwisha kulipa fungu la kwanza. Mmoja alikata simu, na hadi naandika haya hajaagiza tena. Wale wawili wasio Waislamu aliwaambia pia, na mmoja wao alishukuru kwa sababu mtoto wake hutokwa na vipele kwa baadhi ya vyakula, na karmini ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuwadhuru baadhi ya watu. Hilo halikunipitia akilini kabisa. Nilikuwa nikihesabu halali na haramu, nikasahau kwamba mlaji ana haki ya kujua kwa sababu zake mwenyewe.

Wa mwisho alikuwa mama wa biharusi wa Bungoma, ambaye alikwisha kuila keki ile katika nyumba ya watu na ndiyo iliyomfanya aagize. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Njoo uoke hapa Bungoma, nione kila unachotia."

Basi siku mbili kabla ya nikaha tulipanda matatu, sisi na vyombo, tukapita Kiminini na Kamukuywa, tukateremka Kimilili na Chwele hadi Kanduyi, mahindi yakiwa yamesimama pande zote mbili na Mlima Elgon ukijificha mawinguni. Mkwewe alitupokea nyumbani kwake. Huyu bibi, Mola ampe umri, upande wa mamake ni mtu wa Mumias, ambako Uislamu ulitia mizizi tangu zama za misafara ya pwani na za Nabongo Mumia, na alikuwa na mambo ya jikoni ambayo sikutaraji kuyakuta mbali vile na bahari.

Umeme ulikatika asubuhi. Oveni aliyokuwa nayo ni ya umeme. Mpwa wangu akaanza kulia kimya kimya, na mama wa biharusi amekaa pale pale kitini akitazama. Mkwewe akasema, "Kwani mikate ya mayai mlikuwa mkioka kwa umeme?" Akawasha majiko mawili ya makaa.

Wasomaji wa pwani mnaijua kazi hii, lakini vijana huenda hawaijui, basi niieleze. Weka sufuria kubwa nzito juu ya makaa machache, utie ndani yake mchanga mkavu au kigae, na juu yake uweke chombo cha keki. Funika kwa mfuniko wa bati, kisha upalie makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Ukifanya kinyume chini itaungua na juu itabaki mbichi. Pasha sufuria kwanza, hata kabla ya kutia siki, kwa dakika 15 hivi. Usifunue mfuniko kabla ya dakika 25. Yule bibi hakuwa na kipimajoto. Alikuwa akikaribisha kiganja chake juu ya mfuniko na kutikisa kichwa, akaongeza kaa moja au kuliondoa.

Tulitumia vipimo vya katikati, vya mita 1,400. Rangi ilikuwa ya kiwandani, na mama wa biharusi aliisoma chupa kwa miwani yake, kisha akasoma ya vanila, kisha akasoma hata pakiti ya chumvi. Keki zilitoka nne, mbili kubwa na mbili ndogo. Moja ilikuwa na kitovu. Tuliikata kichwa ikawa sawa, na kichwa hicho wakakigawana watoto waliokuwa wamejipanga mlangoni.

Krimu ya juu haikuwa ya jibini. Jibini laini ni ghali huko, na jibini kwa jumla yataka uulize imegandishwa kwa kitu gani, kwa kuwa nyingine hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Tulifanya ile ya kale, ambayo ndiyo iliyokuwa ikipakwa juu ya keki hii kabla ya jibini kuja: maziwa kikombe 1 na unga wa ngano vijiko vikubwa 5, vikorogwe motoni mpaka viwe uji mzito, kisha vipoe kabisa vikiwa vimefunikwa. Nasema kabisa, kwa kuwa uji wa vuguvugu huyeyusha siagi na kazi yote huwa supu. Pembeni piga siagi robo kilo na sukari iliyosagwa laini kikombe 1 mpaka viwe vyeupe, ndipo utie uji kijiko baada ya kijiko huku ukipiga. Hutoka krimu nyepesi, si tamu ya kukereketa. Maziwa ya upande ule, alhamdulillahi, ni mazito, na krimu ilisimama hadi siku ya pili bila ya jokofu usiku kucha, kwa baridi yao. Hapa Mombasa msijaribu hilo. Iwekeni penye baridi hadi dakika ya mwisho.

Nikaha ilifungwa baada ya sala ya adhuhuri. Keki ilikatwa upande wa wanawake, kwa hivyo sikuiona ikikatwa. Nililetewa kipande juu ya sahani ya bati pamoja na chai ya tangawizi. Ilikuwa nyekundu sawasawa mpaka katikati. Mama wa biharusi alilipa nusu iliyobaki jioni ile ile, na akauliza kama kwa Idi mpwa wangu atakuja kuoka Bungoma au watumiwe kutoka Kitale. Bado hawajaafikiana kuhusu nauli.

Dada yangu, nilipomrudishia habari, aliuliza jambo moja tu: ni nani aliyekipunguza soda kipimo chake. Nimemwambia ni mlima.

Juma lijalo, inshallah, nitamjibu mama wa Kisauni aliyeuliza kuhusu mahari yaliyoahidiwa yasilipwe. Wallahu a'lam.